Balifukuza Mama Juu Papa Abatizwe, Miye Nikanyamaza

Wakuu, jambo kwenu. Niko muzee sasa, na mambo ninaandika hapa ni kweli tupu. Haya ingali inanishika.

Ni wakati ya ukoloni ya Babeleji, miaka ya cinquante (1950 na kitu), ku milima ya Ngungu. Papa, baba yangu, alikuwa na babibi mbili. Mama yangu alikuwa wa pili.

Papa akataka ubatizo. Bantu ya kanisa bakamuambia abakie na bibi moja. Akachagua wa kwanza, Mama Mukubwa.

Mama yangu akarudi kwao Walikale, kitunga ku kichwa. Miye nikabakia, juu mutoto ni wa papa. Hakuna muntu alinielezea kitu.

Ku masomo bakaniita "mutoto ya zambi", juu kwa kanisa mama alinizaa mu dhambi. Siku moja mwalimu akasema kila mutoto ataje mama yake. Nikasimama. Sauti haikutoka. Mukojo ukashuka ku miguu, darasa yote ikacheka.

Kutoka pale nikazimika. Chakula hakipite. Mu shamba ya maharagi nilikuwa ninakaa tu, jembe ku magoti. Papa akasema ni uvivu, akanichapa. Majirani bakasema nimelogwa.

Leo banaita ile dépression, ugonjwa ya huzuni. Sisi hatukukuwa na jina.

(Papa hakukuwa muntu mubaya. Aliomba Mungu kila asubuhi. Ila jina ya mama hakuitaja tena.)

Njo Mama Mukubwa, mwenye nilikuwa ninachukia, akanikuta nyuma ya nyumba. Akaikala chini.

"Unamulilia mama yako?"

Nikakataa, na haya.

"Miye ninamulilia," akasema. "Tulilima pamoja. Bantu bananisifu ku kanisa, na miye sijue nitaangalia wapi."

Kesho yake akanifikisha ku masomo, akamuambia mwalimu mbele ya wote: "Mama ya huyu mutoto hakuiba, hakuzini. Balimufukuza juu sisi tupate ubatizo. Musimucheke tena."

Papa alikasirika sana. Mama Mukubwa hakujali. Ku vacances, likizo ya masomo, miye na yeye tukashuka kwa miguu, tukapita pori, mpaka Walikale.

Mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Akaacha mutwangio, akanikumbatia. Mama Mukubwa njo alilia sana. Siku ile nilikula mpaka nikasinzia ku sahani.

Mama hakurudi kwetu. Lakini kila vacances nilienda.

Wakuu, mutoto akinyamaza, musikimbilie fimbo ao kutafuta mulozi. Muulize anamukosa nani.

Kama nawe ulizimika hivi mu utoto, ao uko na mutoto kama huyu mu nyumba, sema hapa. Sitakucheka.