Mgawa vyumba wa Ihumwa na daftari lake la wakwe

Saa tatu kasoro robo asubuhi, Hamida Zaidi anafunga dirisha la chumba chake huko Ihumwa, nje kidogo ya jiji la Dodoma. Upepo haumsumbui. Anaikwepa treni.

"Ikipiga honi maiki yangu ikiwa wazi, watu arobaini wanaruka vitini," anasema huku akiweka kompyuta mpakato juu ya cherehani ya mama yake, iliyotandikwa kanga. Pembeni analaza kauntabuku lenye jalada jekundu. Hilo, anasema, ndilo lenye kazi. Kompyuta inasaidia tu.

Hamida, miaka ishirini na sita, anasimamia mikutano ya mtandaoni ya shirika moja linalofundisha wakulima wa alizeti. Mkufunzi akimaliza kusema, yeye huwagawa wakulima watano watano katika vyumba vidogo vya mtandaoni, kila kundi lijadili kivyake, kisha huwarudisha wote kwenye mkutano mkuu watoe majibu. Hulipwa shilingi elfu thelathini kwa kikao, mara mbili kwa wiki, na bando anajinunulia.

Leo roho iko juu. Ni kikao cha mwisho cha miezi yake mitatu ya majaribio. Wiki tatu zilizopita chumba namba nne kilirudi bila jibu hata moja, na mratibu wake, Gaudence, hakumficha: kikirudi kitupu chumba kingine, mkataba wa mwaka mzima ausahau.

Kosa lenyewe lilikuwa hivi. Siku ile Hamida aliiachia kompyuta igawe watu yenyewe, kama wafanyavyo wasimamizi wengi. Kompyuta haijui ukoo. Ikamweka Mama Mwanamvua wa Kolo, kule Kondoa, chumba kimoja na Nurdini, mume wa binti yake.

Kwa wengi wa huko, mtu na mama mkwe wake, au mke na baba mkwe wake, hawakai wakakodoleana macho, achilia mbali kubishana juu ya bei ya mbegu. Sasa kila mmoja alimkuta mwenzake amejaa kwenye kioo cha simu. Nurdini akazima kamera. Mama Mwanamvua akazima yake. Watatu waliobaki, kwa kuwa wanaujua ukwe ule, nao wakaona adabu ni kuzima. Dakika ishirini zikakatika bila mtu kukohoa.

"Nimeingia nakuta giza tupu! Nikauliza, 'Jamani, mtandao umekata?'" Hamida anasimulia akicheka mpaka anashika mbavu. "Mama akanijibu, 'Mtandao upo, mwanangu. Uliyemweka humu ndiye asiyepaswa kuwa na mimi.'"

Siku ile hakucheka. Alilia. "Mgeni angesamehewa. Mimi nimelelewa Kondoa, najua kila kitu, halafu nimeiachia mashine!"

Tangu hapo, kabla ya kila kikao hupiga simu, husalimia mpaka na wajukuu, kisha huuliza nani kaoa kwa nani. Majibu huyaandika kwenye kauntabuku, na kugawa hugawa kwa mkono, jina moja moja.

Saa nne na nusu mkufunzi anauliza swali la leo: kikundi kinunue mashine yake ya kukamua mafuta, au kiendelee kupeleka alizeti kwa wenye mashine? Hamida anafungua vyumba vinane. Mama Mwanamvua yuko cha pili, Nurdini cha saba. Hazijaisha dakika tano, chumba cha pili kinaomba msaada.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Humu hakuna aliyewahi kuigusa hiyo mashine, tunabahatisha tu. Anayeijua ni yule baba wa wajukuu zangu. Nipeleke kwake."

Hamida anashika kichwa. Akimpeleka, chumba cha saba kitanyamaza kama kile cha nne. Akimkatalia, cha pili kitarudi mikono mitupu. Kwa vyovyote vile, mkataba umekwenda na maji.

"Nitakupeleka, mama," anasema hatimaye. "Ila kamera zizimwe, nami nitakaa humo humo. Lako uniambie mimi."

Anamhamishia cha saba, na kazi inaanza.

"Hamida, muulize huyo bwana, mashine inakula umeme sana?"

"Nurdini, mama anauliza kama mashine inakula umeme sana."

Nurdini, aliyesikia kila neno, amesubiri kwa heshima mpaka Hamida amalize. "Mwambie mama, umeme si tatizo. Tatizo vipuri. Tukodi kwanza msimu mmoja, tuone."

"Mama, anasema umeme..."

"Nimesikia. Lakini malizia kuniambia."

Kwa robo saa nzima Hamida anabeba maneno kati ya watu wawili wanaosikiana vizuri kabisa. Kisha anamrudisha mama chumba cha pili, na muda ukiisha anawakusanya wote. Vyumba vinane, majibu manane. Mama Mwanamvua anasemea chumba chake: jibu wamelipata kwa mjuzi mmoja, Mungu amzidishie. Jina halitaji. Nurdini, kamera bado imezimwa, anatuma alama ya makofi.

Simu ya Gaudence inaingia papo hapo. "Hamida, umekaa chumba kimoja robo saa. Utaratibu wetu ni dakika mbili."

Hamida anaanza kujieleza, Gaudence anamkatiza.

"Mkataba nautuma mchana. Na hilo daftari lako uje nalo ofisini Chimwaga, tutoe nakala."

"Mkataba nashukuru, kaka. Nakala hapana. Humu mna ndoa za watu."

Kwa mkataba huo anataka kununua meza, mama yake arudishiwe cherehani. Kisha amfundishe kazi binamu yake, Salwa, tena haraka. Mavuno yakiisha Hamida anaolewa Kondoa, na baba wa mchumba wake, Mzee Abdulkadiri, ni mwanafunzi wa mafunzo haya haya, mwongeaji kweli, na kamera hazimi.

"Leo namgawa bila wasiwasi," anasema. "Nikishaolewa, mzee akiomba msaada ataingia Salwa. Mimi nitamwambia Salwa la kusema."

Anafungua ukurasa mweupe wa kauntabuku, anaandika jina la mzee, na mbele yake, kwa mwandiko mzuri kuliko wote, analiandika la kwake.