Boti ya Grasi

Juma lililopita niliwashwa mkono nikacheka peke yangu kama mwenda wazimu. Nilikuwa gereji pale Lurambi, namngoja fundi apige msasa kifuniko cha nyuma cha pikapu yangu, kile cha faibaglasi, kilichokuwa kimepasuka. Vumbi lake jeupe likanitua mkononi. Kabla sijalipangusa, ngozi ikaanza kuwasha, ule mwasho mjanja usioonekana, ukiukuna hapa unahamia pale. Fundi akaniomba radhi. Nikamwambia asijali, huu mwasho tunajuana, tulikutana Chekalini wakati meno yangu ya mbele yalikuwa hayajaota upya.

Kaa basi nikusimulie, kwa sababu mambo haya yananichekesha hadi leo na kucheka peke yako hakunogi.

Mara tu baada ya uhuru, watu wetu walipata kipande huko Chekalini, kwenye shamba la Mzungu aliyehama. Baba na mama walibaki na kazi zao Kakamega mjini, mimi nikakaa shambani na nyanya na senje, yaani shangazi yangu, kitinda mimba wa nyanya. Tulikuta vitu vya ajabu huko. Kulikuwa na bafu la chuma lenye miguu kama ya simba, ambalo ng'ombe wetu walilipenda sana kwa kunywea maji. Kulikuwa na bwawa kubwa lililozungukwa na mikaratusi. Na ndani ya zizi la maziwa, rafiki yangu, kulikuwa na motaboti.

Ilikuwa ya rangi ya samawati, yenye mstari mweupe ubavuni, viti viwili vyekundu na kioo cha mbele kama cha gari. Tawi la mkaratusi lilikuwa limevunja paa la zizi na kuitoboa boti tumboni, tundu la kupita kuku. Na kuku walipita kweli. Mayai mengi ya kwetu yalitagwa kwenye kiti cha dereva, na kuyaokota ilikuwa kazi yangu ya asubuhi. Sikuyaokota mara moja. Nilishika usukani kwanza, nikaendesha hadi Kisumu na kurudi, mpaka nyanya apaze sauti kutoka jikoni kuuliza kama leo nayataga mwenyewe.

Kisha senje akachumbiwa na karani wa Lurambi, kijana mpole aliyevaa viatu vya kung'aa hata alipokuja kutembea kwetu. Gauni lilishonwa mjini, jeupe pepepe, likaletwa limefungwa ndani ya shuka na kutundikwa chumbani kwa nyanya. Kanisa lilikuwa ng'ambo ya bwawa, na barabara ya magari pia iliishia huko, kwa hiyo wakwe walikubali kuja na lori na kumpokea bibi harusi upande ule. Yote yalikuwa sawasawa mpaka mvua ndefu ilipomomonyoa mgongo wa tuta la bwawa, ambalo ndilo lilikuwa njia yetu. Ukipita pale ulizama kwenye matope mpaka magotini.

Ungemwona nyanya siku zile. Analitazama gauni, anatoka nje, analitazama tuta, anarudi kulitazama gauni. Yeye mwenyewe aliolewa wakati wa mvua. Alifika kwa wakwe zake ametapakaa tope, na mawifi wakampa jina: Wa Matopeni. Aliitwa hivyo kisimani, aliitwa hivyo sokoni, aliitwa hivyo hata alipokuwa na wajukuu. Alikuwa akicheka wakimwita, lakini sisi wa nyumbani tulijua kwamba lilimuuma.

"Huyu wangu atafika mweupe," alisema. "Hata nikimbeba kichwani."

Asubuhi moja alinifuata zizini nikiwa safarini Kisumu. Akanishusha, akawatoa kuku, akaizunguka boti huku akiigonga kwa kifundo cha kidole kama mtu anayenunua chungu. Kisha akanituma niwaite watu wawili: mpishi wa zamani wa yule Mzungu, aliyekuwa jirani yetu sasa, na mwalimu, aliyekuwa na pikipiki na kwa hiyo alihesabiwa mjuzi wa injini zote.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Ili uzibe tundu lazima ujue kitu kilichotoboka ni kitu gani, na hiki hakikuwa bati wala mbao.

"Bwana alikuwa anaitanga faibagrasi," mpishi akasema.

"Grasi ni nyasi," mwalimu akasema. "Hiyo ni Kiingereza ya darasa la kwanza."

"Si hiyo grasi, mwalimu. Grasi! Ya kunywea maji! Si mimi ndiye nilikuwa naziosha?"

Kwetu, kama unavyojua, r na l hukaliana viti bila kuombana ruhusa. Kwa hiyo kila mpishi alivyojitahidi kusema glasi, ndivyo nyasi zilivyozidi kumea. Kufikia jioni kijiji chote kilikuwa na pande mbili. Wa nyasi waliuliza: umeona wapi bilauri inayoelea? Wa bilauri wakauliza: umeona wapi nyasi za samawati? Watu waliacha palizi wakaja zizini kuangalia, kila mmoja akagonga, akanusa, akatoa hukumu.

Nyanya hakungoja hukumu. Alituambia tuparuze kingo za lile tundu kwa mawe na misumeno mpaka zilainike, na sote tukaparuza, vumbi likapanda, likimeta juani. "Mnaona inavyong'aa?" mpishi akashangilia. "Ni grasi!" Lakini baadaye kidogo tukaanza kujikuna. Shingo, viwiko, katikati ya vidole. Hapo mwalimu akaruka juu kwa furaha, huku naye akijikuna. "Ni kitu gani inawashanga hivi kama si nyasi?"

Jumapili ile tulivuka matope hadi kanisani, na benchi zetu mbili zilijikuna tangu wimbo wa kwanza hadi baraka. Mhubiri alidhani tumeguswa na neno, akaongeza sauti.

Nyanya ndiye aliyetazama mle ndani ya ufa na kuona nyuzi nyembamba zilizosukana. "Nyasi au bilauri, mimi naona nyuzi," alisema. "Kitu cha nyuzi kinashonwa." Akafumua gunia la katani, akasuka kiraka kikubwa kama ungo. Gundi ilikuwa lami, pipa zima ambalo Mzungu aliliacha, aliyokuwa akiipaka vikingi vya ua visiliwe na mchwa. Aliichemsha kwenye mafiga ya jikoni, kwenye sufuria ambayo haikupikiwa tena chakula maishani mwake. Harufu ile ya lami ya moto na moshi wa mkaratusi ndiyo harufu ya furaha yangu mpaka leo. Tulikandika ndani, lami ikarukia hadi vitini, tukakandika nje, nyanya akisawazisha kwa kiganja kilicholowa maji kama anavyokandika ukuta. Mwalimu naye alichomoa plagi ya pikipiki yake, akaipachika kwenye ile injini ya boti, akavuta kamba, akavuta tena, na injini ikakohoa moshi mweusi, ikanguruma. Ingokho zetu, yaani kuku, zote zikakimbilia kwenye mahindi, na moja hatukuiona tena.

Siku ya harusi jua liliwaka kana kwamba mvua ni uvumi tu. Wanaume waliibeba boti mpaka majini. Ikaelea. Sijapata kusikia vigelegele kama vile. Senje akakalishwa kwenye kiti chekundu kimoja, juu ya shuka safi, nyanya kwenye kingine, mimi nikawekwa miguuni kushika vyombo vya bibi harusi: kikapu, kibuyu cha maziwa, na mwiko mkubwa wa obusuma, ugali wetu, ambao nyanya aliuchonga mwenyewe. Mpishi alikaa nyuma penye injini, amevaa ile sare yake nyeupe ya zamani, vifungo vyote.

Tulikwenda kama malkia. Ng'ambo wakwe walikuwa wamejipanga, lori lao limepambwa maua, wanaimba. Tulipofika katikati ya bwawa injini ikakoroma, ikanyamaza. Mpishi akachungulia majini, akainuka taratibu akiwa ameshika shungi refu la majani mabichi yaliyojizungusha kwenye pangaboi.

"Ni nini?" mwalimu akapiga kelele kutoka ufukweni.

Mpishi hakutaka kusema, lakini alikuwa mtu mkweli. "Nyasi," akajibu.

Mwalimu alicheza peke yake pale ukingoni. Sisi tulikaa juani, boti ikizunguka polepole, senje akiwa ameanza kulengwa na machozi. Nyanya akaninyang'anya mwiko. Akapiga magoti mbele ya boti na kuanza kuyasonga maji ya bwawa, kulia, kushoto, kulia, kwa nguvu zile zile za kusonga obusuma wa msiba mkubwa. Tukaenda. Polepole, lakini tukaenda, na nyimbo za ng'ambo zikaanza kufuata mapigo ya mwiko.

Senje akashuka. Mweupe! Nyanya akashusha pumzi. Kisha senje akageuka kunipokea kikapu, na nyimbo zikakatika ghafla. Jua lilikuwa limeilainisha lami, ikapenya shuka, na nyuma ya gauni palikuwa na alama nyeusi, pana kama kiganja.

Mama wa bwana harusi aliitazama. Mawifi wakatazamana. Nilimwona nyanya akibana midomo, mwiko ukidondosha maji, na hata mimi mtoto nilijua jina lilikuwa njiani linakuja.

"Hiyo si matope," nyanya akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye lori. "Muangalie vizuri. Hiyo ni lami. Msichana wangu amekuja na barabara yake."

Wakati ule, rafiki yangu, lami ilikuwa kitu cha kuahidiwa kwenye mikutano, wengi wetu hatujawahi kuikanyaga. Yule mama mkwe akaanza kucheka, akacheka mpaka akamshika nyanya bega, na mawifi wakampa senje jina papo hapo: Mama Lami. Akaingia nalo kanisani, akaingia nalo Lurambi, na nyanya alilitamka maisha yake yote kama mtu anayelamba asali.

Bwawa lile sasa ni shamba la mahindi. Boti ilirudi kuwa ya kuku, ikawa vipande, ikaisha. Nyanya, mpishi na mwalimu wote wamelala. Lami imefika hadi Chekalini kwenyewe, na hakuna anayeipigia vigelegele.

Kutoka gereji nilikwenda moja kwa moja kwa senje, nyumba ya tatu baada ya kona. Nikamnyooshea mkono. Akavaa miwani, akauinamia, akauona wekundu na lile vumbi linalometa. Akanitazama.

"Ya nyasi," akauliza, "ama ya kunywea maji?"

Tulicheka mpaka wajukuu wake wakaja mlangoni kuuliza kuna nini. Mmoja akakimbia kuniletea mafuta ya kupaka. Nikamwambia ayaweke kwanza, bado tunajikuna.