Wimbo wa Idrisa, Kijana wa Radi

Nasma binti Mbaruku anashona nguo Kariakoo tangu enzi za cherehani ya mkono, na mpaka leo yuko kwenye baraza lile lile la mtaa unaotokea Msimbazi, kati ya duka la ndoo na kijana anayeuza makava ya simu. Wateja wake siku hizi ni wa madera na sare za harusi. Lakini muulize nguo gani aliyoishona ikaukosha moyo wake, hatakutajia shela la bibi harusi yeyote. Atakutajia suruali ya bugaluu, rangi ya maziwa, pindo limemwagika mpaka viatu havionekani. Mwenye suruali alikuwa Idrisa Faraji, kijana wa gitaa.

Idrisa huyo watu wengi hawamjui. Miaka ile ya sabini vijana wa mjini walifuga nywele, wakavaa viatu vya raizoni vya soli nene, wakapiga magitaa ya umeme mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka. Bendi yake iliitwa Radi. Wenzake wa bendi nyingine walikariri nyimbo za Wazungu; yeye alitunga zake, kwa Kiswahili, kwa maneno ya uani na ya sokoni. Na hilo ndilo lililomponza. Redio ikipiga zilipendwa, inapiga dansi, na yeye hakuwa dansi. Ikifika zamu ya taarabu, yeye si taarabu. Basi akadondoka katikati, kama sindano kwenye ufa wa sakafu.

Waliobaki kumkumbuka ni wachache. Watatu kati yao hukaa kwenye baraza la Nasma kila Ijumaa baada ya swala, kahawa na kashata mkononi: Nasma mwenyewe, mzee Abbasi, aliyekuwa mpiga dramu wa Radi, na Eliakimu, Mchaga wa duka la ndoo, aliyeshuka kutoka Moshi akiwa kijana, na kitu cha kwanza kukipenda mjini kikawa bendi ile. Idrisa alikuwa akipita, anawasalimia, anakunywa kikombe kimoja. Wakigusia muziki tu anainuka.

"Nasma, shona nguo za watu," anasema, huyo anakwenda zake.

Walijua sababu. Mkewe alifariki kwa uzazi siku alipomzaa Sitara, na tangu siku hiyo Idrisa hakushika gitaa tena. Akafungua kiduka cha spea za redio, akamlea bintiye, basi.

Mwaka huu, masika yalipoanza, Idrisa akafariki. Wakamzika Kisutu, wakarudi barazani, wakamimina kahawa. Mwisho Nasma akasema, "Sisi watatu tukienda, nani atajua kwamba mtu yule aliimba?"

Alikuwa na kaseti. Ndiyo pekee iliyosalia duniani, ameiweka kabatini ndani ya soksi. Humo mlikuwa na wimbo wa mafuriko, alioutunga Idrisa baada ya mto Msimbazi kuingia nyumba za watu Jangwani. Nasma hakuwa ameipiga kaseti ile miaka mingi, akiogopa mkanda usikatike. Sasa akaamua: siku ya arobaini ataipeleka Upanga, kwa Sitara, mtoto amsikie baba yake. Akampigia simu kumuomba.

"Bi Nasma, nakuheshimu kama mama yangu," Sitara akajibu. "Lakini ile ni hitima. Muziki hapana."

"Si muziki, mwanangu. Ni baba yako."

"Baba yangu mimi aliuza spea za redio na kusoma Yasini. Huyo mwingine simjui."

Simu ikakatwa, Nasma akairudisha mkobani. *Simjui*. Neno lile lilimchoma kuliko msiba wenyewe.

Ijumaa iliyofuata Abbasi akaja na redio kaseti yake. "Angalau tuisikie wenyewe," akasema. Wakaitumbukiza kaseti, wakabonyeza. Mara ikatoka sauti nzito: "Alhamdulillahi, enyi ndugu zangu wafungaji..."

Wakatazamana.

"Huyu naye alikuwa anapiga besi?" akauliza Eliakimu.

"Nyamaza wewe Mchaga!" Abbasi akamkemea, huku mwenyewe kicheko kimembana.

Nasma hakucheka. Alikuwa ameshaitoa kaseti, anaigeuzageuza. Vile vimeno viwili vya juu, vya kuzuia mtu asirekodi, alivivunja mwenyewe zamani. Sasa vitundu vyake vilikuwa vimezibwa na selotepu. Mumewe, marehemu mzee Abdulhamid, alipenda mawaidha ya Ramadhani, na akikosa kaseti tupu huchukua yoyote anayoikuta. Masikini, hakujua.

"Kumbe nilikuwa natunza chungu," akasema Nasma, "asali ilishalambwa." Akairudisha ndani ya soksi, soksi akaisokomeza kwenye mkoba.

Siku ya arobaini walikwenda hivyo hivyo, mikono mitupu. Wanaume walikaa chini ya ghorofa, kwenye majamvi, Eliakimu kofia ya kuazima kichwani. Wanawake wakakaa juu kwa Sitara. Hitima ikasomwa, pilau ikaliwa, watu wakaanza kuaga. Abbasi na Eliakimu wakapanda kutoa mkono wa pole. Nasma alikuwa jikoni anasuuza sahani, Sitara anazifuta.

"Bi Nasma," Sitara akasema, "nilikujibu vibaya siku ile. Nisamehe. Ila muziki kweli nisingeweza."

"Hamna cha kusamehe, mwanangu. Hata muziki wenyewe haumo. Mzee wangu alirekodi mawaidha juu yake." Akaitoa kaseti mkobani kumwonyesha.

Sitara akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Mawaidha? Basi hayo tuyasikie, si siku yake?" Akaiweka kwenye redio ya baba yake, iliyokuwa juu ya friji.

Sheikh akaendelea pale walipomwacha. Alizungumzia subira. Wanawake waliobaki wakasogea mlangoni, mmoja anafuta machozi kwa pembe ya khanga. Sahani zikaisha. Sheikh akaomba dua, akasema amina, nao wakaitikia amina. Ikafuata kwaruza, halafu kimya.

Halafu gitaa.

Abbasi alijishika kifua. Ule mgongano wa visahani vya dramu nyuma ya gitaa ulikuwa mkono wake mwenyewe, ukiwa kijana. Nasma akaruka kuizima redio, anajua nyumba ile imekataa nini. Sitara akamdaka kiganja. Sauti nyembamba ikapanda, haina haraka:

*Mto haukupotea njia, umerudi kwake,*
*mimi ndiye niliyetandika kitanda mahali pake...*

"Nani huyu?" Sitara akauliza, lakini machozi yalikuwa yameshatangulia.

"Huyo ndiye usiyemjua," akasema Nasma.

Sauti ikayashika maneno ya mwisho, ikayavuta, mkanda ukafika ukingoni, kitufe kikaruka: tak! Mawaidha yalikuwa mafupi kuliko kaseti. Mzee Abdulhamid alifuta wimbo, akausaza mkia.

Bibi mmoja mlangoni akanong'ona, "Maneno haya mbona nayo ni mawaidha?"

Sitara bado alikuwa amekishika kiganja cha Nasma. Hakuomba kaseti irudishwe nyuma.

"Mwanzo wake ukoje?" akauliza.

"Mimi sauti yangu imekwisha, mwanangu."

"Usiimbe. Niambie tu."

Nasma akavuta kigoda akakaa. Akaanza kuyasema, pole pole, kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Ubeti wa kwanza ukaja wote. Wa pili akakwama. Abbasi akamsaidia kutoka mlangoni, Eliakimu naye akachomekea neno, wakabishana kidogo, wakapatana. Na kila walipomaliza mstari, Sitara aliurudia kwa sauti ya chini, huku akifunga pilau kwenye mfuko kwa ajili ya Eliakimu, anafunga, anafungua, anafunga tena, mpaka akaushika wimbo.