Mistari Isiyokuwa Dua

Zafarani iliyoloweshwa kwa marashi ina harufu inayokaa kwenye mkeka miaka mingi. Ndivyo kilivyonukia chumba cha babu kule Kwaluguru, ambako watu walikuja na homa zao na ndoto zao mbaya. Babu aliandika makombe kwenye sahani nyeupe, mgonjwa akanywa maandishi yaliyooshwa kwa maji. Hirizi aliziandika kwa wino mweusi wa masizi, karatasi ikakunjwa na kushonewa kitambaani. Mimi mjukuu wake niliachiwa wino uliobaki na kalamu ya mwanzi iliyochakaa. Sikujua dua yoyote ya kuandika. Nilichora tu, duara ndani ya duara, magamba ya samaki, vistari vyembamba kama nywele, hadi karatasi ikajaa na kelele za kichwani zikanyamaza.

Kiangazi kimoja babu alikwenda msibani Korogwe. Mchana wa siku hiyo jirani yetu, Mama Zawadi, alipiga hodi. Mwanawe alikuwa mgongoni akichemka homa, naye alikuwa njiani kwenda kutafuta gari la hospitali. Nilimwamkia, nikamwambia babu hayupo. Macho yake yakatua kwenye karatasi yangu iliyokuwa ikikauka mkekani.

"Hii kaniachia babu yako?"

"Hapana, mama. Nimechora mimi."

Akacheka, mara ya kwanza tangu aingie. "Wewe? Mkono usioweza hata kufuta kamasi? Usinitanie. Hii kazi ya mtu mzima."

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sifa ile ilinishuka kifuani kama asali ya nyuki wadogo, na sikulirudia neno langu. Akachana ukanda wa kanga kuukuu, akaifunga karatasi ndani yake, akamvisha mtoto shingoni. Kisha, badala ya kushika njia ya barabarani, akageuka kurudi nyumbani. Nilimtazama hadi akapotea kwenye mihogo.

Alfajiri Zawadi alishikwa na degedege. Walimkimbiza hospitali kwa baiskeli. Akapona, lakini masikio hayakusikia tena. Pengine homa ingeyachukua hata kama angewahi, sijui. Babu aliporudi aliambiwa hirizi yake imeshindwa. Akadhani mama yule alichukua moja kutoka rafuni, akaenda kumwomba radhi. Nilifuatana naye, nikakaa kando yake kimya.

Tangu nimalize kidato cha nne sijatulia mji wowote. Nimeuza mahindi ya kuchoma Mombo, nimepakia mihogo Mkata, na kote huko nimetembea na kalamu. Siku hizi vijana huniambia michoro ya namna hii hutuliza akili. Mimi hunituliza mkono tu.

Juzi nilikuwa stendi ya Korogwe nikichora kwenye kipande cha boksi. Zawadi, ambaye sasa ni fundi cherehani pale mjini, akasimama mbele yangu. Alifuata mistari kwa kidole, polepole, kisha akaninyooshea dole gumba. Zamani ile ingetosha kumwambia mama yake "nimechora mimi" mara ya pili. Leo ningeweza kumwandikia pale pale, pembeni ya boksi, maana anajua kusoma. Nikainama nikaendelea kujaza duara, na moyoni, Mungu anisamehe, nilikuwa nimefurahi kusifiwa.