Herufi Tatu Alizofuta Mwenzangu

Mpaka leo nikikumbuka zile herufi tatu, damu inanichemka.

Nilikuwa natengeneza mfumo endeshi wangu mwenyewe, kwa kupenda tu, katika kibanda cha kurekebisha kompyuta huko Namuwongo. Mwenye kibanda alikuwa rafiki yangu, Mkenya, na kazi hiyo tuliifanya pamoja. Mfumo wetu uliwaka kwa hatua tatu. Ya kwanza ni ndogo sana, inakaa mwanzo kabisa wa flashi yenye mfumo, na kazi yake ni kuiita ya pili. Ya pili inaandaa kumbukumbu ya mashine, kisha inakiita kiini chenyewe cha mfumo, ambacho ndicho hatua ya tatu. Kila hatua ilipoanza iliandika herufi yake kwenye skrini: A, B, C. Mashine ikikwama, nilijua imeishia wapi.

Baba alikuwa polisi, mtu wa Kitgum, na kwake kompyuta ilikuwa mchezo wa watu wasiotaka kazi. Nilimbembeleza wee, mpaka akakubali kuja kuona mara moja kabla hajahamishiwa Karamoja. Nilitaka ajue kwamba sichezi, basi.

Akaja na sare zake, akakaa kwenye stuli. Nikachomeka flashi kwenye kompyuta kuukuu ya kibandani, nikaiwasha. Skrini ikabaki nyeusi. Nikaizima, nikaiwasha tena. Nyeusi vilevile, hata A haipo.

"Imekwama wapi?" baba akauliza.

Nikamgeukia mwenzangu.

"Zile herufi nilizitoa asubuhi," akasema. "Si nilitaka mzee aone kitu safi? Hizo ni mambo za chekechea."

Usafi gani huo? Mtu unang'oa taa za gari ili bodi ipendeze? Na bila hata kuniuliza!

Baba akasimama, akavaa kofia. "Gari ya kazi iko nangoja mimi," akasema. "Wewe tafuta kazi."

Nilipozirudisha herufi, ikatokea A peke yake, nikaelewa papo hapo. Hatua ya kwanza ilikuwa inaitafuta ya pili kwenye diski ya kompyuta, wakati iko kwenye flashi. Nikarekebisha mstari mmoja tu. A, B, C, kiini kikawaka. Mwenzangu akapiga makofi, nikamwambia aache upuuzi.

Baba alikuwa ameshafika Karamoja. Nikampigia simu, nikamweleza kwamba imewaka, hatua zote tatu.

"Sawa," akasema. "Na kazi umepata?"