Hatua Sabini na Tano

Kila Jumatano trafiki anayefundisha klabu yetu ya usalama barabarani shuleni huvua kofia, hukunja mikono ya shati mara mbili, kisha huchora mstari wa chaki uwanjani. "Uko kilomita themanini kwa saa, umeona mtu, umekanyaga breki. Gari litasimama wapi?" Sisi tunaohesabu siku za kupata leseni huweka mabegi tunapokisia, hatua ya ishirini, waoga thelathini. Yeye huanza kutembea, akihesabu kwa sauti nzito isiyo na haraka, na kadiri anavyoyapita mabegi yetu ndivyo vicheko vinavyozimika. Husimama akifika sabini na tano. Wiki iliyopita binti mmoja wa mwaka wa mwisho alitania, "Afande, leo tuweke mtu kabisa," akamsimamisha mdogo wake wa darasa la kwanza, aliyekuwa akimsubiri kando, hatua ya arobaini. Afande alikuwa ameshaanza kutembea, amefika kumi na mbili. Akaiacha hesabu hapo. Halafu akatoka mbio, akamnyanyua mtoto, akamweka nje ya uwanja.

"Lakini hakuna gari, Afande," binti alisema taratibu.

"Najua, mwanangu." Mkono wake ulikuwa bado begani kwa mtoto. Alipotulia alirudi mstarini kuanza upya, na binti akatembea nyuma yake, wakihesabu pamoja.