Mbuzi Ilikula Ng'ombe ya Mama Sifa

Hata leo nikipita karibu na kanisa ninainamisha kichwa, na muntu akiomba chumvi ku meza, masikio yangu yanapata moto. Ninaandika juu kusema kunanishinda (miye hata mu darasa nikijua jibu, ninamuachia mwingine).

Ilikuwa siku ya mavuno, ile siku kila familia inaleta mbele ya Mungu maharagi, mihogo, kuku, mbuzi. Kisha ya ibada, watoto wa kambi ya wakimbizi walipaswa kupaka rangi wanyama wadogo wa karatasi wenye nilitengeneza: unalowesha makaratasi ya zamani, unatwanga, unachanganya na uji wa unga wa mihogo, unafinyanga, unaanika, unasugua mpaka inakuwa laini, halafu unapakaa pemba, ule udongo mweupe wa ku kuta za nyumba, rangi ipate kushika. Lakini na mvua yetu ya Masisi, za kwanza zote ziliota ukungu, na badala ya kuuliza muntu nikawaza: chumvi inazuia nyama kuoza, karatasi njo itaishinda? Nikachota mu chumvi yenye Papa yangu anapatia ng'ombe, nikakoroga mu uji, ingine mu pemba. Zikakauka vizuri sana. Nikajisifu.

Moja haikuwa ya watoto. Mama Sifa, jirani yetu aliyekimbia vita ya Nyamitaba, aliniambiaka polepole: "Mwanangu, na miye unifanyie moja. Ng'ombe. Pembe ziangalie juu, na iko na alama nyeupe hapa," akagusa paji la uso. Ile ya kweli ilipotelea kule. Tangu afike hakutoka kwake, ila kwenda shamba ao maji. Siku ile alivaa kitenge safi, akakuja aipake rangi yake mwenyewe.

Nikapanga wanyama ku mukeka, pembeni ya ukuta wa kanisa (mbuzi za sadaka zilifungwa palepale, na miye mutoto wa mufugaji sikuwaza kitu). Papa Shemasi akasema tufunge macho, tuombe kwanza. Yeye akianza kuomba, maharagi inaweza kuiva. Nikafungua jicho moja, niangalie kama ng'ombe ya Mama Sifa imesimama vizuri. Mbuzi moja nyeusi ilikuwa imekata kamba, inairamba.

Nilifungua kinywa nipige kelele. Lakini watu wote kimya, Papa Shemasi amefika ku wajane na yatima, nikasema mu roho: Amina iko karibu. Nikaitisha mbuzi na mukono, tsst, ikaniangalia tu, ikamaliza pemba, kisha ikauma kichwa. Pembe zikavunjika. Papa Shemasi akaingia ku viongozi wa inchi.

"Amina!"

"Mbuzi inakula ng'ombe!" mutoto mumoja akalia, na watu wote wakaanguka kicheko. Papa Shemasi akaokota kipande cha sikio, akakigusa na ulimi.

"Uliweka chumvi?"

Nikaitika na kichwa.

"Na unatoka mu nyumba ya ng'ombe!"

"Aliipikia mbuzi mboga!" vijana wakasema nyuma. "Dada, ulisahau pilipili!" Hata Papa yangu alicheka mpaka machozi.

Mama Sifa hakucheka. Alipiga magoti ku mukeka, akakamata kile kilichobaki, tumbo na miguu ya nyuma. Sijui nguvu ilitoka wapi, nikamuambia: "Mama, niliona. Niliona inaikula, nikanyamaza."

Akasema: "Na miye niliona watu wa bunduki wanapeleka ile yangu, nikanyamaza. Usilie."

Akafunga ile nusu mu kitenge, akarudi kwake. Rangi hakugusa.

Yeye alinyamaza juu ya kuogopa bunduki. Miye nilinyamaza juu ya kungojea Amina. Njo maana nimeapa: chumvi ni ya ng'ombe ya kweli, na nikiona kitu cha muntu kinaharibika nitapiga kelele, hata katikati ya maombi, hata sauti itetemeke, hata kanisa zima ligeuke kuniangalia.